Rola Huja Polepole

Mpwa wangu anahariri video za harusi, na mkono wake hautulii. Bibi harusi ananyanyua mguu kushuka garini, kata. Kiatu kinagusa zulia, kata. Mama mkwe anapiga kigelegele, kata. Hakuna picha inayoachwa ivute pumzi. Jioni moja ya mvua, umeme ukiwa umetuhurumia, nikamwekea A Fish Called Wanda, filamu ya mwaka 1988. Hazikupita dakika nyingi akaanza kujigeuzageuza kitini.

"Mjomba, huyu mtu mbona hakati?"

Nikamwambia huyo mtu alianza kukata filamu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kwamba alipokuwa akiongoza hii alitimiza miaka 77, mgongo ukimsumbua. Kijana akanyamaza, akatazama tena, safari hii kwa adabu kidogo.

Jina lake ni Charles Crichton. Alizaliwa mwaka 1910 huko Wallasey, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, akasoma Oxford, kisha akaingia kazini kwa Alexander Korda, tajiri wa filamu mwenye asili ya Hungaria aliyekuwa akijenga studio Uingereza. Hakukabidhiwa kamera. Alikabidhiwa mkasi na gundi. Filamu ya siku hizo ni utepe unaoshikika: futi moja ina picha 16, na sekunde moja ya sinema hula picha 24. Mhariri aliunyanyua utepe kwenye mwanga, akachagua mahali, akakata, akabandika, akautazama, na usipomridhisha akaubandua na kuanza upya. Kila kosa lilikuwa na uzito mkononi. Picha nne zikizidi, kicheko kinapoa. Zikipungua nne, mtazamaji hajawahi kuelewa anachochekea. Crichton alikaa kwenye meza hiyo miaka kadhaa, na The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 ni moja ya filamu zilizopita mikononi mwake.

Nyingine inatuhusu huku kwetu. Ni Sanders of the River ya mwaka 1935, hadithi ya bwana mkubwa wa kikoloni anayetuliza makabila ya mtoni, Paul Robeson akicheza kama chifu Bosambo. Miongoni mwa Waafrika waliokusanywa London kukijaza kijiji cha studioni alikuwamo Mkenya mmoja aliyehitaji vijisenti, Jomo Kenyatta. Mhariri wa filamu hiyo ni Crichton, kijana wa miaka 24. Kwa hiyo rais wa kwanza wa Kenya alipita kwenye vidole vyake akiwa kipande cha utepe, kimoja kati ya vipande chungu nzima, wala hakuna aliyejua. Filamu yenyewe sina la kuisifu. Robeson alipoona ilivyotoka, ukoloni umepakwa mafuta tofauti na alivyotarajia, aliikana. Naitaja kwa sababu inaonyesha meza ya uhariri inavyoweza kumfanya mtu aseme asichokusudia, na kijana aliyekaa kwenye meza ile aliliona hilo mapema.

Baadaye akahamia Ealing, studio ndogo magharibi mwa London chini ya Michael Balcon, na huko ndiko alikopewa kuongoza. Mwaka 1951 akatoa The Lavender Hill Mob. Karani mpole wa benki, Alec Guinness, amesindikiza shehena za dhahabu miaka nenda rudi bila kuiba hata punje. Jirani yake, Stanley Holloway, ana karakana ya kusubu minara midogo ya Eiffel ya risasi, ile inayouzwa kwa watalii. Wanakutana, wanaangaliana, na dhahabu ya benki inageuka minara ya kupachika mezani na kusafirishwa Paris kama takataka za watalii. Hadithi na mazungumzo ni ya T. E. B. Clarke, na yalimpatia Oscar.

Nataka tubaki kidogo kwenye ngazi za mnara wenyewe, ule mkubwa. Wezi wetu wawili wanafika juu na kugundua kwamba minara sita ya dhahabu imeuzwa kimakosa kwa wasichana wa shule kutoka Uingereza. Wasichana wameshaingia kwenye lifti. Lifti inashuka. Inabaki ngazi ya chuma inayozunguka kama ganda la konokono, na watu wazima wawili waliovaa suti wanaanza kuishuka mbio. Raundi ya kwanza wana hofu. Raundi kadhaa baadaye kizunguzungu kinawapanda, na kizunguzungu kinaleta kicheko. Wanacheka kama watoto waliozungushwa kwenye pembea, huku mali yao ikienda zake. Kamera ya Douglas Slocombe nayo inalewa pamoja nao. Wanafika chini, miguu haijui tena kwenda moja kwa moja, na gari la wasichana limeondoka.

Mwongozaji mwingine angeishia hapo. Crichton anawapeleka bandarini Calais, na huko, badala ya kuwafukuzisha na polisi, anawapangisha mstari. Tiketi. Pasipoti. Fedha za kigeni. Forodha. Kila dirisha lina mtu mwenye haki yake ya kuuliza maswali, na meli iko pale pale, inaonekana, inajiandaa kung'oa nanga. Aliyewahi kuvuka mpaka kwa basi la alfajiri, dereva akipiga honi huku yeye bado anatafuta cheti cha chanjo kwenye mkoba, anaijua hofu hiyo. Filamu za majambazi hutegemea mwendo kasi. Huyu alikuwa amegundua kwamba jambazi anachekesha zaidi anapocheleweshwa.

Kisha mambo yakamwendea kombo. Ealing ilififia. Marekani ilimwita aongoze Birdman of Alcatraz, filamu iliyotoka mwaka 1962. Akagongana na nyota wake, Burt Lancaster, na filamu ikamaliziwa na John Frankenheimer. Filamu yake ya mwisho ya sinema katika kipindi hicho ilitoka 1965. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, jina lake halikubandikwa mlangoni mwa ukumbi wowote. Alikuwa televisheni, akiongoza vipindi vya Danger Man, The Avengers, Space: 1999. Aliongoza pia filamu fupi za mafunzo ya kazini kwa kampuni ya Video Arts, zile zinazomfundisha meneja namna ya kuzungumza na mteja. Ukimtazama kwa macho ya magazeti, mtu huyo alikuwa amekwisha. Ukimtazama kwa macho ya karakana, kila wiki alikuwa bado na mkasi mkononi: muda mfupi, fedha kidogo, mambo mengi ya kueleza, hakuna nafasi ya picha isiyo na kazi. Wahakiki walipoandika mwaka 1988 kwamba mzee amerudi kwenye kiwango chake, mimi nilijiuliza kiwango hicho kilikuwa kimekwenda wapi. Nadhani kilikuwa kazini.

Video Arts ilianzishwa na John Cleese na wenzake. Cleese, yule mrefu wa kundi la vichekesho la Monty Python, alikuwa ameshaonana na Crichton mwishoni mwa miaka ya 1960, na wazo la kufanya filamu pamoja halikumtoka. Miaka ya 1980 wakaanza kukaa mezani. Husimuliwa kwamba kila mmoja alikuja na kitu kimoja. Cleese alitaka tukio la mtu mwenye kigugumizi anayeulizwa jambo la dharura, jibu analo, halitoki. Crichton alitaka mtu akanyagwe na rola la kushindilia barabara. Hayo mawili tu. Wizi, vito, wakili, mapenzi, samaki, vyote vikajengwa ili kufikia hapo.

Sasa vitazame vile vitu viwili. Neno lisilotoka. Rola, chombo ambacho mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukikimbia akiwa na begi mgongoni. Vyote ni vitu vya polepole, na ndivyo watu hawa wawili walivyovichagua viwe kilele cha filamu ya wizi.

Studio ya MGM haikulala usingizi. Mwongozaji wa umri huo, je, akianguka katikati? Cleese akawekwa kwenye makaratasi kama mwongozaji mwenza ili wenye fedha watulie, lakini filamu yenyewe inamtaja Crichton peke yake. Iligharimu karibu dola milioni 8, na katika kumbi za Marekani ikaingiza zaidi ya milioni 60.

Hadithi kwa ufupi, maana kwa urefu haielezeki: George anapanga wizi wa almasi London. Wenzake ni Ken, mpenda wanyama mwenye kigugumizi, ambaye ni Michael Palin. Wanda, Mmarekani, Jamie Lee Curtis. Na Otto, Kevin Kline, anayejitambulisha kama kaka yake Wanda na kumbe sivyo. Wizi unafaulu, kisha kila mmoja anaanza kumzunguka mwenzake. Wanda na Otto wanamchoma George kwa polisi, na kumbe George alishahamisha mali. Ufunguo wa sefu anao Ken, ameuficha ndani ya tangi la samaki. Wanda anaamua njia ya kumfikia George ni kupitia wakili wake, Archie Leach, yaani Cleese. Jina hilo ndilo alilozaliwa nalo Cary Grant, utani wa wajuzi. Hata George ni mchezo wa aina hiyo: mwigizaji ni Tom Georgeson, mhusika ni George Thomason.

Ufunguo ule nilimwonyesha mpwa wangu kama darasa. Wanda anautoa kwenye tangi na kuuficha ndani ya kidani chake cha shingoni, chenye herufi W. Anakwenda nyumbani kwa Archie usiku ambao mke na binti wako opera. Gari la mke linapata pancha, mke anarudi. Sasa sebule moja ina mume, mke, hawara aliyejibanza, na Otto aliyeingia kwa wivu na kulazimika kubuni uongo wa papo kwa papo kwamba yeye ni mtu wa ujasusi. Kidani kimeanguka sakafuni. Mke anakiona, anasoma W, na yeye anaitwa Wendy. Machozi ya furaha! Mume, ambaye hajampa zawadi siku nyingi, anageuka mume mwema kwa bahati mbaya.

Herufi moja tu, na imebeba samaki, hawara na mke. Angalia pia jinsi chumba kilivyopigwa. Crichton anakaa mbali kiasi cha kutuonyesha milango, pazia na makochi, hivyo muda wote tunajua nani kajificha wapi hata asipoonekana. Mtazamaji ndiye anayeshikilia ramani ya sebule, na mke peke yake ndiye hana. Angekata kila mara kwenye nyuso, kama afanyavyo mpwa wangu kwenye kumbi za harusi, ramani ingepotea na kicheko nacho. Hata baadaye Archie, akihangaika kukirudisha kidani, anapoigiza kuiba nyumbani kwake mwenyewe, na Otto aliyekuja kumwomba radhi anamkuta mwizi gizani na kumpiga hadi azimie, tunacheka kwa sababu ramani bado tunayo.

Usidhani lakini kwamba huyu hakati. Anakata, na akikata anakata mfupa. Otto anamtaka Archie amwombe msamaha. Archie, Mwingereza wa shule nzuri, anakataa kwa dharau. Otto anasisitiza. Mara picha inayofuata Archie yuko nje ya dirisha, ghorofani, kichwa chini miguu juu, vifundo vya miguu vikiwa mikononi mwa Otto. Kuvutana hatukukuona, wala dirisha likifunguliwa. Vyote vimebaki sakafuni mwa chumba cha uhariri, kama viliwahi kupigwa. Na baada ya mkato huo mkali, utulivu: kamera inakaa na Archie anayening'inia, naye anaomba radhi kwa lugha kamili ya mahakamani, anaifuta kauli yake kipengele kwa kipengele, anakiri haikuwa na msingi, anajutia usumbufu. Damu imemjaa usoni na sarufi haijatetereka. Pale alipotakiwa kukimbia, mzee kakimbia kuliko kijana yeyote. Pale alipotakiwa kukaa, kakaa.

Mbwa nao wana hesabu yao. Ken ametumwa kumuua bibi kizee, shahidi pekee, na bibi huyo ana mbwa watatu wadogo. Kila jaribio linamkosa bibi na kuua mbwa. Vifo viwili vya kwanza vinafuatiwa na mazishi yale yale, jeneza dogo, wavulana wa kwaya wakiimba Kilatini, Ken akilia kwa uchungu wa kweli. Mazishi ya kwanza yanasimuliwa kwa kirefu. Ya pili hayahitaji maelezo. Kufikia mbwa wa tatu, bibi mwenyewe moyo unasimama kwa huzuni, na kazi imekamilika bila muuaji kukusudia. Katika maonyesho ya majaribio, picha ya karibu ya mbwa mmoja aliyepondwa ilizima ukumbi. Watu walikuwa wakicheka, ghafla kimya. Picha ikatolewa. Mzee hakubishana na ukumbi.

Si kila kitu kimezeeka vizuri. Muziki umechakaa kama viatu vya disko. Dhihaka za Otto kwa Ken, zikiwemo za kijinsia, leo zinakwaruza. Watu wenye kigugumizi walilalamika wakati ule, na walikuwa na haki ya kuuliza. Nitasema tu kwamba Palin alimchora Ken akimkumbuka baba yake mwenyewe, aliyeishi na kigugumizi, na ukimtazama usoni unaona mtu anayepigana vita anayoijua. Mwaka 1993 kituo cha kuwasaidia watoto wenye kigugumizi kilifunguliwa London kwa jina la Palin.

Oscar ya filamu hiyo ilikwenda kwa Kevin Kline, kama mwigizaji msaidizi. Crichton aliteuliwa kama mwongozaji bora, akiwa na miaka 78, akashindwa na Barry Levinson wa Rain Man. Hakuongoza filamu nyingine ya sinema. Alifariki mwaka 1999.

Turudi mezani, kwenye vile vitu viwili. Otto amemtesa Ken: amemfunga, amempachika chipsi puani, na mbele ya macho yake amekula samaki wake mmoja baada ya mwingine, hadi yule mpendwa aliyeitwa Wanda. Kisha Archie anaingia na kumkuta Ken, ambaye ndiye anayejua hoteli ambako almasi ziko. Saa inakimbia. Archie anampa moyo, anamwambia wana muda tele, na hawana hata dakika. Ken anasukuma herufi ya kwanza, inagoma. Anajaribu njia nyingine, inagoma. Mpwa wangu hapa alisimama wima, mikono kichwani, kama anayetazama penalti. Hakuuliza tena kwa nini hakati.

Na kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, Otto, bastola mkononi, anarudi nyuma hatua kadhaa bila kuangalia na kukanyaga zege bichi. Limemshika miguu. Kwa mbali rola linawaka, juu yake ameketi Ken. Linakuja kwa mwendo wa bibi anayetoka sokoni. Otto ana muda wa kucheka. Ana muda wa kukiiga kigugumizi cha Ken, wa kuacha kuiga, wa kuanza kufikiri, wa kutafuta maneno ya kujiokoa. Rola halijaongeza mwendo. Linapita juu yake, naye anazama ndani ya zege laini, na Ken kule juu anapiga kelele za ushindi, maneno yakitoka moja baada ya jingine mazima, mpaka anajisikia mwenyewe na kushtuka: kigugumizi kimekwenda.

Dakika chache baadaye ndege ya Wanda na Archie inapaa, na dirishani kwa nje anatokea Otto, kichwa hadi kidole kijivu cha zege, ameng'ang'ania.

Mpwa wangu akachukua rimoti, akarudisha hadi pale rola linapowaka, akatoa simu mfukoni na kufungua saa ya kuhesabia sekunde.